Nani Iko Katikati

Sikujifunza kuweka seva kwa kupenda elimu. Nilijifunza kwa hasira, na aliyenitia hasira ni mtoto wa mjomba wangu, mwenye duka la kompyuta pale Koboko, ukuta kwa ukuta na nyumba ya mama.

Mama alikuwa ametoka hospitali ya Kuluva na majibu ya uvimbe wa titi. Alitaka kumwambia mtu mmoja tu, dada yake aliye Juba, kwa sababu mdogo wangu alikuwa mwari, amefungiwa ndani akifukizwa moshi wa manukato, hina mbichi mikononi. Kwetu mwari haletewi habari mbaya. Basi mama akaenda dukani kwa binamu, akapigiwa simu ya video, akalia na dada yake, wakaagana. Simu zote za duka lile zilipita kwenye kompyuta yake, naye hedifoni hazikumtoka masikioni.

Kabla ya alasiri wanawake walijaa uani na mikeka yao, kama waliokuja matangani. Mdogo wangu alijua kwamba mama ni mgonjwa kwa kusikia vilio vyao dirishani. Aliolewa macho yamevimba. Nilipomkabili binamu, alicheka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, dada. Mimi nasaidia tu."

Mama hakumpigia tena dada yake. "Mimi itaongea na yeye huko akhera," alisema. Hapo nikaapa kwamba huyu bwana nitamtia adabu.

Mimi nafundisha kompyuta Arua, lakini seva sikuwa nimewahi kuweka. Nilitaka moja ambayo kazi yake ni kukutanisha simu mbili tu, kisha zizungumze zenyewe kwa zenyewe, picha na sauti zikiwa zimefungwa kwa siri, bila kupita dukani kwa mtu. Nilipomaliza, simu ilikataa kufungua kamera. Ilitaka cheti, yaani uthibitisho kwamba seva ni ile inayojidai kuwa. Mwenye subira angeomba cheti kwa watoaji wanaoaminika. Mimi nilikuwa na haraka ya kumwona binamu akipiga miayo, nikajiandikia cheti na kujisainia mwenyewe.

Kila simu iliyofungua ukurasa wangu ikawa inaonya kwa alama nyekundu. Nikamnunulia mama simu, nikamfundisha yeye na wenzake wanaosuka mikeka pamoja: ukiona nyekundu usiogope, bonyeza chini, endelea. Wakafundishana mpaka wakawa wanabonyeza bila kutazama.

Duka likapwaya. Nilisafiri kutoka Arua kwenda kuliangalia tu, nikapita mbele yake mara tatu nikinunua chapati nisizozitaka. Mama naye akarudi kuongea na dada yake. Niliona nimeshinda.

Wiki chache baadaye binamu akawaambia watu mlangoni pa msikiti kwamba shangazi yake anaogopa kisu cha daktari. Maneno hayo mama alikuwa amemwambia dada yake peke yake. Nikaichukua simu ya mama, nikakitazama cheti, na hakikuwa changu. Nyumba ya mama ilitumia waifai ya duka lile, na binamu alikuwa ameweka katikati ukurasa wake uliofanana na wangu, akisikiliza yote yaliyopita. Simu ilimwonya mama kwa nyekundu, na mama, kwa utii, akabonyeza chini akaendelea kama nilivyomfundisha. Nilijipalia makaa mwenyewe, na mama ndiye aliyeungua. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Safari hii niliomba cheti cha kweli, nikakijaribu siku mbili nzima, kisha nikarudi Koboko na somo jipya: ukiona nyekundu, mtu yuko katikati, funga. Ijumaa, baada ya swala, binamu alikuja na sukari kumsalimu shangazi yake kama kawaida. Nikawaomba wasukaji sita wafungue ukurasa kwa waifai yake. Simu sita zikawaka nyekundu. Wakaziinua mbele ya uso wake.

"Nani iko katikati?" mama akauliza.

"Netiweki tu iko mbaya, shangazi."

Nikahamisha simu ya mama kwenye data yake mwenyewe. Ukurasa ukafunguka bila onyo, na uso wa mama mkubwa ukatokea kutoka Juba. Matusi yangu nilikuwa nimeyaandaa kwa miezi, lakini mama alinitangulia.

"Kaa," alimwambia binamu. "Wewe napenda kusikia. Sikia."

Akamweleza dada yake yote, binamu akiwa mbele yake: jinsi asivyoweza kulalia ubavu wa kushoto, jinsi ngozi ilivyogeuka nyeusi penye uvimbe, jinsi daktari alivyosema titi litakatwa lote. Akasema ni titi lilelile lililomnyonyesha huyu hapa, mama yake alipougua akakosa maziwa. Binamu akajifunika uso kwa kofia yake. Mimi nilishika simu bila kutikisika, nikiomba mama asinyamaze. Nilifurahi, sitasema uongo.

"Sasa toka," mama akamwambia. Akatoka. Wasukaji nao wakakusanya ukindu wao wakamfuata. Kisha mama akanigeukia.

"Na wewe."

"Mama, mimi ndiye niliyeiweka hii seva."

"Wewe pia iko katikati. Toka, funga mlango."

Nje binamu alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Ndani mama alianza kuongea kwa sauti ya chini, na mimi nikajikuta nimesogea mlangoni, nimetega sikio.