Saa ya Kaka Mkononi mwa Baba

Kaka yangu mkubwa hukimbia zile Jumapili ambazo barabara za Kigali hufungiwa magari, na kabla ya kukimbia husimama. Husimama pale Kimihurura anakoishi, katikati ya lami, mkono ameuinua kifuani, akingoja saa yake ishike setilaiti. Wazee wanampita. Akina mama wenye watoto mgongoni wanampita. Yeye na wenzake, wanaume wazima wenye vyeo na vitambi, wamesimama wamekodoa macho kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi, ila wao wanautafuta kwenye vifundo vya mikono.

Siku moja chaji ilimwishia katikati ya mlima. Akaacha kukimbia papo hapo, akaita pikipiki, akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini hakumalizia, alinijibu kwa ule upole anaowaonyesha walio chini yake ofisini, kwamba kilomita ambazo saa haikuzirekodi hazihesabiki. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, na wiki ileile akanunua saa nyingine yenye betri kubwa zaidi.

Huyu ndiye aliyejitwika kazi ya kumlinda Baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona Nyamirambo tangu ujana wake, akatulea kwa Kiswahili na kwa cherehani ileile moja, na mama alipofariki nikamchukua akae nami Kinyinya, ambako nina duka la misumari, rangi na saruji. Huku kwetu watu wanajenga bila kupumzika. Njia uliyopita jana leo imekatwa na ukuta. Hata mwenye akili zake timamu hupotea, na Baba zake zilikuwa zimeanza kumponyoka. Yalianza majina. Mimi akawa ananiita kwa jina la mama. Lakini sura zetu alizijua bado, na hilo ndilo nililolishikilia. Kila asubuhi alichukua fimbo yake akatoka kutembea, nami nikabaki dukani roho juu, nikiogopa siku ambayo hatarudi, au siku ambayo atarudi asitujue.

Nilimwomba kaka tutafute mtu wa kutembea naye. Nilimwomba aje hata yeye mwenyewe, mara moja kwa wiki tu, maana Kimihurura si ng'ambo ya bahari. Akaleta saa. Ile kuukuu, iliyomwaibisha mlimani. Ilikuwa na laini yake ya simu ndani, kwa hiyo popote Baba atakapokuwa, alisema, tutamwona kwenye ramani kama nukta ya buluu.

Akanipa somo nikiwa nampimia mteja misumari. Saa ikikaa tu mkononi na kuonyesha wakati, chaji hudumu siku nyingi. Ukiwasha GPS, inakula. Na inakula kadiri unavyoitaka iwe sahihi: unaweza kuiambia imtazame mtu kila sekunde, au imtazame mara mojamoja tu ihifadhi nguvu. Nikasema basi iweke hiyo ya mara mojamoja, mzee wa fimbo atakwenda wapi katika sekunde moja? Kaka akakunja uso.

"Mstari unakuwa mbaya," akasema. "Unakata kona. Unapita juu ya nyumba za watu."

Mstari unakuwa mbaya! Baba yake anapotea, yeye anataka mchoro mzuri. Akaiweka kila sekunde, akaniachia waya wa chaji, akaondoka. Kuichaji ikawa kazi yangu. Kuitazama ikawa kazi yao.

Nasema "yao" kwa sababu ramani ile alimpa pia dada yetu wa Ubelgiji. Na kila mmoja wao alipofungua simu na kubonyeza kumtafuta Baba, saa ile iliamshwa, ikaanza kuhangaika na setilaiti na mtandao kutoa jibu. Walibonyeza asubuhi, walibonyeza mikutanoni, walibonyeza wakiwa chooni, nina hakika. "Baba yuko msikitini," dada anaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, na maua matatu. "Baba amesimama dukani." Mimi niliyekuwa nampa Baba chai pale dukani nikawa nasoma habari zake kutoka Ulaya. Tangu saa ije, dada hakupiga simu tena kusikia sauti yake, na kaka hakukanyaga Kinyinya. Wangefuata nini? Walikuwa wanamwona. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nukta ya mbali haimmiminii mzee chai.

Siku yenyewe dada alikuwa na wageni. Baadaye alieleza bila haya kwamba alikuwa anawaonyesha baba yake anavyotembea Kigali, na wageni wakafurahi, wakataka kuona tena, na tena. Kaka naye alikuwa ameona nukta imetoka Kinyinya inakwenda kwa kasi, akawa anaifungua kila mara kuishangaa. Hakunipigia. Alidhani mstari umeharibika.

Adhuhuri ikaadhiniwa, Baba hajarudi. Nikafungua ramani kwa mara ya kwanza tangu niwe nayo. Nukta ilikuwa imegeuka kijivu, imekwama barabara kuu ya mashariki, karibu na kituo kimoja cha mafuta. Saa imezima. Nikampigia kaka.

"Uliichaji?" akauliza.

Sikumbuki nilimjibu nini. Najua fundi rangi aliyekuwa dukani aliweka mkebe chini akatoka nje.

Nilipofika kituo cha mafuta kwa pikipiki, nilimkuta kaka keshafika. Amevaa viatu vyake vya kukimbilia, anazunguka kipande cha lami kisichozidi mkeka wa kuswalia, simu mbele ya uso. Nikamuuliza amewauliza watu gani. Akasema hakuna haja, ramani inaonyesha alikuwa hapahapa, lazima yuko karibu. Alikuwa anajaribu kuisogeza ile nukta kwa vidole. Dada naye, kwenye kikundi, aliamuru tusiondoke pale, kwa kuwa pale ndipo alipo. Nikawaacha wote wawili na nukta yao.

Kuuliza si ujinga. Nilirudi kituo cha basi cha kwetu, pale waendesha pikipiki wanapokaa kungoja abiria, kwa sababu Baba hawezi kupita penye watu bila kuwasalimia mmoja mmoja. Wa kwanza niliyemuuliza alijibu kabla sijamaliza.

"Yego, ndiyo, Mama. Muzee wa kofia nyeupe nirimuona. Arisema iko naenda Kabuga, reo siku ya soko. Tukamusaidia kupanda bisi."

Kabuga. Zamani, tukiwa wadogo, Baba alikuwa akipeleka huko suruali zake siku za soko. Saa ilijua alipopita. Ule mstari mzuri wa kona zote ulikuwa mzima simuni mwa kaka, unaelekea Kabuga moja kwa moja, na kichwa chenye shahada mbili kikasimama pale wino ulipokatika.

Soko la Kabuga ni kubwa, lakini fundi hutafutwa kwa mafundi. Nilipita mstari wa mafundi cherehani nikimtaja, na wa mwisho kabisa, mwanamke mnene mwenye futi shingoni, akanionyesha kwa kidole nyuma yake. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda anapinda suruali ya shule. Mishono yake ilikuwa imenyooka.

"Arisema iko fundi," yule mama akanieleza. "Nikaona mikono yake, nikamupatia kazi."

Nilikaa chini pale vumbini nikalia. Baba akaniita kwa jina la mama, akaniuliza kama nimeleta chai. Uso wangu aliujua. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikamnunulia chai, kisha nikampigia kaka aje atuchukue kwa gari. Alikuwa bado yuko kwenye nukta.

Alifika jua likianza kulala. Baba, akiona mtu anaingia, akaweka sindano chini, akainuka kwa shida na kumpa mkono. Kwetu mkono wa mzazi unaupokea umeinama, mkono wako wa kushoto umeshika ule wa kulia. Kaka aliupokea, akaugeuza, akabonyeza saa. Akabonyeza tena.

"Imekufa kabisa," akasema. Akaifungua mkanda, akaivua, akatoa waya mfukoni, akamuuliza yule mama umeme uko wapi.

Baba alibaki amesimama, mkono wake bado uko hewani. Akaushusha, akajisugua pale saa ilipokuwa, akamtazama kaka aliyepiga magoti kando ya ukuta akihangaika na plagi. Kisha akamgeukia yule mama fundi kwa adabu zake zote.

"Mama, huyu ni fundi wa saa. Mpe kiti."

Kaka akainua kichwa. "Baba, ni mimi."

"Karibu, fundi," Baba akasema, na tabasamu lilelile alilokuwa akiwapa wateja asiowajua.

Kaka akanitazama. Mdomo ulikuwa wazi, waya unaning'inia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu alikuwa ananiomba kitu: nimwambie Baba yeye ni nani. Nikamsogezea kiti.