Wifi Yangu, Msimamizi Wangu

Zamani nilidhani wivu ni maradhi ya wake wenza. Nikaja kuujua vizuri mwaka 2013, hapo Kibondo mjini, kwenye ghala la maharage. Kumbe hata fulana ya semina inaweza kumkosesha mtu usingizi.

Ghala lilikuwa la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanga, sisi tukimwita Tajiri. Alinunua maharage ya Kitahana na vijiji vya jirani, na sisi wanawake tukayapepeta na kuyachambua kabla hayajapakiwa kwenye lori. Tulikaa chini kwa duara juu ya turubai, kila mmoja na ungo wake. Mimi nilikuwa mkongwe. Msimamizi wetu, mwanamke mmoja mkali kama pilipili, alipoacha kazi, kila mtu alijua nafasi yake ni yangu. Nami nilijua, nikaanza hata kutembea kwa maringo.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, nilimleta mwenyewe pale, mwezi mmoja baada ya yule msimamizi kuondoka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko tu kwa mama yake anasikiliza redio. Nikamwombea kazi. Nikamfundisha kupepeta, maana siku za kwanza alirusha maharage mpaka kuku wa jirani wakamzoea. Basi asubuhi moja Tajiri akaja na habari kwamba kuna semina ya wasimamizi wapya Kasulu. Atapeleka mtu mmoja, na akirudi ndiye atakayetuongoza. Nikajifunga kitenge vizuri, nikakaa tayari. Akamnyooshea wifi kidole.

"Wanataka aliyefika kidato cha nne, mama," akaniambia alipoona uso wangu. "Wewe umeishia la saba."

La saba! Kama vile mawe kwenye maharage yanauliza cheti.

Nyumbani nikamweleza mume wangu, akacheka. "Si mdogo wako huyo? Akipata yeye, umepata wewe."

"Haya," nikamwambia, "basi leo ale yeye, wewe ushibe."

Jioni ile ugali ulitoka mbichi, na sikujali.

Wifi alirudi kutoka Kasulu na vumbi mpaka kwenye kope, amevaa fulana nyeupe iliyoandikwa mgongoni KIONGOZI BORA. Mama mkwe akamchinjia jogoo. Aliyemnyonyoa huyo jogoo ni nani? Mimi. Nikiwa na manyoya mikononi namsikia sebuleni akimwaga maneno yake mapya: malengo, mrejesho, timu. Akaja jikoni akanishika bega. "Wifi, wewe ndiye nguzo ya timu yetu."

Nguzo! Nguzo inabeba paa, wanaokaa chini yake ni wengine. Kwa kijiba cha roho, supu ya jogoo sikuionja.

Nilimvizia akosee. Wiki zikapita, hakosei. Anafika mapema, anauliza kama mtoto wa fulani homa imeshuka, anawatania wanawake nao wanacheka. Kila kicheko kilinichoma, jamani, mimi nilikaa nao miaka na sikuwahi kuwachekesha hivyo.

Halafu ikaja siku yake. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, macho yalishaanza kumsumbua, ungo wake ukawa unabaki na mawe. Huko semina wifi alikuwa amefundishwa kwamba mtu husifiwa mbele za watu na hukosolewa pembeni. Basi akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya upole, "Mama, njoo mara moja nyuma ya magunia tuzungumze."

Turubai zima likamgeukia. Nyuma ya magunia ndiko yule msimamizi wa zamani alikokuwa akimpeleka mwanamke aliyemshuku wizi, ampekue kama amefunga maharage kwenye kitenge. Hakumwita mtu huko kwa jambo jingine lolote. Yule mama akasimama, akafungua fundo la kitenge chake mbele yetu sote ili tuone halina kitu.

"Mimi si mwizi," akasema. Akaketi, akalia. Nyungo zote zikawekwa chini.

"Umemwita mwizi!" nikamfokea wifi, na utamu niliousikia mdomoni siwezi kuueleza. "Nyuma ya magunia ndiko walikopekuliwa wezi! Semina hawakukwambia?"

Tajiri akaja mbio kutoka dukani kwake, lori linasubiri nje, dereva anapiga honi. Akanivuta pembeni. "Wewe wanakujua. Zungumza nao. Wakirudi kazini, usimamizi nakupa wewe."

Loo! Nikajikohoza, nikatafuta maneno mazito, maneno ya mkubwa. Bado nayapanga, wifi akanipita. Akaenda kupiga magoti vumbini mbele ya yule mama, akainama, akapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu.

"Mama, sikujua. Nimekuaibisha mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi." Akafungua kitenge chake mwenyewe, akakikung'uta. "Na mimi nipekueni."

Yule mama akafunga upya fundo la kitenge chake. Kisha akamshika mikono, machozi hayajakauka, akaanza kucheka. "Inuka, mwanangu. Maharage hayatajichambua."

Nyungo zikainuliwa. Tajiri akanitazama, akaguna, akarudi dukani.

Cheo alichopewa na Tajiri ningekisema vibaya mpaka kesho: upendeleo huo, kidato cha nne hicho. Lakini yale magoti ningemshtakia nani? Siku ile ndiyo nilimwonea wivu hasa. Nikachukua ungo wangu nirudi kukaa kando ya yule mama, mahali pangu pa miaka yote, nikakuta mama huyo ameshasogea kumpisha wifi, naye ameketi hapo.