Matofali Ishirini na Mawili Kati ya Vidole na Mama Yake

Saa moja na nusu asubuhi, Vidole anafunga mlango wa nyumba, anatoka getini, anapita ubavuni mwa duka la vocha, anakata kona, anafungua saluni. Hatua thelathini na nne. Na cha ajabu, chumba alichotoka na chumba alichoingia vimetenganishwa na ukuta mmoja tu.

Kazi inaanza hapohapo. Vitana vinazama kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, jicho kwenye saa: dakika kumi, si tisa. Taulo chafu kwenye ndoo yenye mfuniko, safi kabatini. Leseni iko ukutani ndani ya fremu, kioo kimefutwa hadi kinang'aa. Ana miaka arobaini na moja, na hilo jina la Vidole alipewa na wateja, maana akisuka huoni kidole kimepita wapi.

Sasa hilo kabati la taulo. Limesimama pale palipokuwa na mlango.

Mlango huo ulikuwa unaingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Yeye ndiye aliyeanzisha saluni, yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kusuka. Miaka minne iliyopita akapooza upande wa kulia. Basi kitanda kikasogezwa karibu na mlango, mlango ukaachwa wazi, na Bi Mkubwa akaendelea na kazi kama kawaida, ila amelala.

"Alikuwa hakuoni, anakusikia tu," anasema muuza mitumba, mteja wa siku nyingi, kichwa kikiwa mikononi mwa Vidole. "Nikivuta pumzi hivi kidogo, anaunguruma kule ndani: we mtoto, legeza hapo mbele, unamng'oa mwenzio."

"Na mambo ya mabwana je?" Vidole anamchokoza.

"Hayo yaache. Yule wangu wa kwanza alimkataa kabla hajamwona. Kasikia hodi yake tu, akasema huyu hapana."

Wanacheka. Kicheko kinakatika haraka, na wote wawili wanajikuta wanaliangalia kabati.

Ilikuwaje? Vidole aliomba leseni, na bwana afya akaja na fomu yake kukagua. Sinki sawa, maji sawa, vifaa sawa. Kisha akauliza, mlango huu unaenda wapi? Kwa mama. Hapo kalamu ikasimama. Kanuni inasema saluni iliyo kwenye nyumba ya kuishi iwe na mlango wake wa nje, na isiwe na mlango wa kuingia mahali watu wanapolala. Wiki mbili: uzibwe, au saluni ifungwe.

"Sikumchukia," anasema Vidole. "Alimpa mama shikamoo yake, mama akakohoa. Akaniambia, dada, hii dawa ya nywele unayowawekea watu, mama yako anaivuta kutwa nzima. Na kile kikohozi nilikuwa nakisikia kila siku."

Kumhamishia mama chumba kingine? Kungemwacha mgonjwa mbali na mtu yeyote. Kufunga? Saluni ndiyo inayowalisha wote wawili. Fundi akaja Jumapili na matofali ishirini na mawili, Bi Mkubwa akiwa anamtazama tangu la kwanza.

"Tofali la mwisho lilipokaa, akaniambia, 'Haya, nenda kazini.'"

Leseni imeleta neema, hilo halifichiki. Wateja wanne kwa siku wamekuwa saba. Kikohozi nacho kimekwisha kabisa. Lakini Bi Mkubwa amenyamaza. Jirani anamgeuza mchana, Vidole anazunguka mara tatu kumlisha. Anakula akiambiwa ale. Ukimuuliza anataka nini, anasema hataki kitu, na anaomba alazwe akiangalia ukuta.

Simu walijaribu, ndiyo. Moja kitandani, moja kwenye rafu ya mafuta, spika wazi. Saluni nzima ikapoa.

"Mama akiwa mlangoni ni mama," anajitetea muuza mitumba. "Simu ikiwa pale juu, sijui nani mwingine anasikia, sijui inarekodi. Nikafunga mdomo."

Siku ya tatu Bi Mkubwa mwenyewe alisema izimwe. Eti wanaongea kama wako ofisini.

Na Vidole je? Anakausha kitana. "Miaka ishirini sijamaliza kichwa bila kukosolewa. Sasa namaliza, mtu anasema asante, anaondoka. Nabaki nimesimama hapa."

Ila wiki iliyopita alimfuata bwana afya hadi ofisini kwake. Akamuuliza: mteja asiyeweza kutembea anaruhusiwa saluni?

"Akasema anaruhusiwa, mradi aingie kwa mlango wa wateja. Nikamwambia mteja mwenyewe ni mama. Akasema, mama yako hana nywele?"

Mpango umeiva. Jumatatu zote hakuna kuweka dawa, ni kusuka tu, hewa safi. Kiti cha magurudumu cha kuazima kipo. Kinachogomba ni mgongo: kuosha na kusuka kichwa cha Bi Mkubwa kunataka dakika arobaini, na kwa sasa akikalishwa na kuegemezwa anafika kumi na mbili.

Vidole alimweleza juzi, amepiga magoti kando ya kitanda. Bi Mkubwa akauliza swali, la kwanza tangu ukuta ujengwe.

"Na wale wengine watakuwepo?"

"Watakuwepo, mama."

"Basi niinue."

Akamkalisha, mto nyuma, mkono mmoja begani. Dakika kumi na mbili zikapita. Kumi na nne. Mgongo ukaanza kutetemeka, Vidole akataka kumlaza.

"Subiri," akasema Bi Mkubwa.