Filamu za Nyota Alizonichagulia Shangazi

Harufu ya pasi ya mkaa inapokutana na kitambaa kilichonyunyiziwa maji hunirudisha moja kwa moja kwa Shangazi Aikande. Alikuwa fundi cherehani mjini Moshi, amepanga chumba kimoja upande wa Mawenzi, na chumba hicho kilikuwa karakana siku za kazi na nyumba siku ya Jumapili. Nguo za watu zilining'inia ukutani kama wageni waliokosa viti, na hewa yote ilikuwa mvuke wa pamba, mkaa na mafuta ya cherehani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa Kirua Vunjo niliyezoea harufu ya majani ya migomba na ya maziwa yaliyochemkia motoni. Likizo ile ya katikati ya mwaka, wakati ukungu unashuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba, baba alinipeleka kwa dada yake huyo mdogo nikaonje maisha ya mjini. Mpango ulikuwa kwamba nikifaulu darasa la saba nisome sekondari ya kutwa mjini na kulala kwa Shangazi. Bila chumba kile hapakuwa na sekondari, na hilo nililijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha.

Shangazi aliimba kwaya kanisani asubuhi na alasiri alikwenda sinema, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Lakini kunipeleka mimi lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa mtoto wa kaka yake, na kaka yake alikuwa mtu aliyeamini kwamba giza la makusudi mchana haliwezi kuwa na heri ndani yake. Kwa hiyo Shangazi alinichagulia kwa uangalifu, kama alivyochagua vifungo. Filamu za mapenzi alizikataa kwa sababu zingenifundisha mapenzi. Za bunduki alizikataa kwa sababu zingenifundisha bunduki. Zikabaki zile za watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota, wenye mashine zinazosema na taa zinazowaka zenyewe, na hizo alisema hazina cha kuiga. "Utaiba nini humo?" aliniuliza. "Roketi?" Hata hivyo hakununua tiketi kabla ya kumhoji mkata tiketi, mzee mmoja mwembamba aliyekuwa amemzoea.

"Humo ndani wanabusiana?"

"Mama, wamevaa kofia za kioo mpaka shingoni. Atambusu nani, na wapi?"

"Nauliza tu. Kofia huvuliwa."

Tulikaa viti vya mbele, vya bei ndogo, shingo zimeinuka kama za kuku wanaokunywa maji. Nilikula karanga kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa na kumsikiliza mtu wa safu ya nyuma yetu ambaye kila Jumapili aliwatafsiria wenzake Kiingereza kwa sauti. Alichokielewa alikitafsiri, na asichokielewa alikitunga, na mara nyingine kile alichotunga kilikuwa kizuri kuliko kilichosemwa. Sikuwahi kufurahi namna ile. Nilitoka humo nikiangalia juu, na Kibo, mlima niliozaliwa chini yake nisiujali, nikauona kwa mara ya kwanza kama kitu kilichosimama karibu na mbingu.

Jumapili moja bango jipya lilibandikwa nje. Lilikuwa na mlima mweupe wa nyota ya mbali, na watu wamevaa makoti mazito yaliyofika masikioni. Shangazi hakumhoji hata mkata tiketi. Alisimama akalitazama kwa jicho la fundi, akakagua mishono ya makoti, akaridhika. "Hawa wamevaa kama watu," alisema. "Na mlima wao kama wetu. Hii hata baba yako angeipenda." Ndivyo alivyokosea, na sijui ni nani mwingine duniani angeweza kukosea hivyo isipokuwa fundi cherehani wa Kichagga.

Katika filamu ile chombo kilitua kwenye nyota iliyokuwa barafu tupu. Mbele alikwenda mkubwa wao mwenye ndevu, pamoja na daktari mwanamke, na nyuma yao mstari wa watu waliobeba masanduku. Chini ya barafu kulikuwa na kitu kilichoweza kuita kwa sauti ya ndugu yako. Mbebaji wa kwanza alimsikia mama yake, akaweka sanduku chini, akaingia kwenye ukungu. Mkubwa akaamuru mzigo wake ugawanywe, safari ikaendelea. Akaenda wa pili kwa njia hiyo hiyo, na wengine baada yake, na kila mara mzigo uligawanywa. Hakuna aliyewaita kwa majina. Mwishoni mkubwa na daktari walirudi kwao salama, muziki ukapigwa, na watu wote wakashangilia. Shangazi aliona nimeganda, akadhani nimeogopa zimwi. Alinishika mkono njia nzima akiniambia ni picha tu, hakuna zimwi la barafu. Nikamjibu ndiyo, Shangazi. Sikuliogopa zimwi. Baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani.

Alikuwa akibeba mizigo ya wageni tangu sijazaliwa, na mimi nilikuwa nimeishi na kazi hiyo bila kuifikiria. Kiangazi alipanda, akarudi amebabuka midomo, akalala, akapanda tena. Niliporudi nyumbani wiki ile nilimkuta anajiandaa. Buti zake, alizoachiwa na mgeni mmoja na alizozipaka mafuta ya ng'ombe kama mtoto mchanga, zilikuwa zimesimama kando ya mlango. Alfajiri nilizichukua nikazifukia kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi. Nilifikiri kwa akili ya miaka kumi na mitatu kwamba asiye na buti hapandi, na asiyepanda haitwi.

Wenzake walipita njiani kulipopambazuka, wakamkuta anazunguka uani peku, anainua magunia na kuchungulia uvunguni. "Baba Elia, buti zimekutoroka?" mmoja alimwita. "Labda zimechoka kupanda, zimeshuka Himo kutafuta kazi nyepesi." Mwingine akasema wamwache, mkewe amezifungia ili naye apate mume kiangazi kimoja. Walicheka, na baba naye akacheka kidogo, lakini kiongozi wao hakuweza kusubiri. Kijana mmoja wa jirani akachukua nafasi yake. Nilisimama kwenye migomba nikawatazama wakipotea ukunguni, na badala ya kufurahi nikamfikiria yule kijana, maana naye alikuwa na mama.

Mama alizikuta buti mchana alipochota samadi ya kupeleka kwenye kahawa. Baba alizitazama, kisha akanitazama mimi. "Nani?" aliuliza. Nikasema, "Sinema." Sikusema zaidi. Mtoto wa kiume wa kwetu hamwambii baba yake kwamba anamwogopea. Ni kama kumwambia kwamba hana nguvu. "Kumbe," baba alisema taratibu. "Sinema imepanda kutoka mjini kuja kufukia buti zangu." Hakunipiga. Alisema tu kwamba sitakanyaga tena kwa Aikande, si likizo wala shule. Mama alijaribu kuuliza habari ya sekondari, naye akajibu kwamba hata ng'ombe wanahitaji msomi. Jioni ile sikula kiburu changu, ndizi zilizopikwa na maharage, chakula nilichokipenda kuliko vyote.

Habari zilimfikia Shangazi kupitia kwa akina mama wanaoshusha ndizi sokoni. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani wala sinema. Alipanda kwetu kwa miguu kutoka barabarani, amevaa gauni lake la kwaya, na mkononi ameshika jani la sale. Sisi Wachagga tunapanda sale kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na mtu anayekuja ameshika jani lake amekuja kuomba msamaha. Hafukuzwi. Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe walimsimamisha njiani kumuuliza amemkosea nani. "Kaka yangu," alijibu. Kwa lipi? "Kwa picha." Wakacheka mpaka wakatua mizigo.

Baba alilipokea jani lile, kwa sababu haiwezekani kulikataa, lakini alilipokea kwa mkono tu, uso wake ulikuwa bado umefungwa. Shangazi aliliona hilo. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akanigeukia mimi. "Sasa wewe," alisema. "Nimeomba msamaha wa kosa nisilolijua. Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Humo ndani ulimwonea nani huruma?"

Hakuuliza niliogopa nini. Kama angeuliza hivyo ningesema sikuogopa. Nikamwambia kwamba waliokufa wote ni waliobeba mizigo, na hakuna aliyeuliza majina yao, na watu wakashangilia. Kisha nikalia, na sikuweza kumtazama baba.

Baba akaniambia nianze mwanzo. Nikamsimulia filamu nzima, tangu chombo kilipotua, naye aliisikiliza kama anavyosikiliza habari za msafara wa kweli. Mara moja alinikatiza. "Nyuma kabisa alikuwa nani?" Nikasema hapakuwa na mtu. "Basi hao hawakuwa na kiongozi," alisema. "Sisi hatuendi hivyo." Akaeleza jinsi wanavyoitana ukungu ukiwa mzito, na jinsi anayelegea anavyowekwa katikati. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kwamba huko juu upepo ukipita kwenye mawe huwa kweli kama mtu anaita, na kwamba yeye pia huogopa. Akayataja majina ya watu aliopanda nao, mmoja baada ya mwingine, nami nikawa nawajua karibu wote. Jina moja alilitaja kwa sauti ya chini, na mama akainamisha kichwa.

Kiangazi kile baba hakupata nafasi tena. Alichuma kahawa ya watu, na nyumbani tulikula kwa kupimiwa. Buti hazikuwahi kuacha kunuka samadi, na wenzake hawakuwahi kuacha kumtania. Lakini baba aliliondoa katazo lake, nikafaulu, nikaenda sekondari, nikalala kwenye kona ya chumba kile chenye mvuke, na Shangazi aliendelea kunichagulia filamu za nyota. Sasa mabango hakuyaamini sana. Alichoamini ni mazungumzo ya njiani tukirudi, yeye akiuliza nami nikijibu mpaka mlangoni.

Ningependa kuandika kwamba niliwalea wanangu hivyo. Sikufanya. Elisante, mwanangu wa kwanza, alipofika umri ule, mabanda ya video yalikuwa yameshafika kwetu, yenye jenereta inayonguruma na gunia mlangoni. Nilikuwa nimechoka na maisha, na kukataza ni kazi nyepesi kuliko kuchagua. Nikakataza zote. Mchana mmoja niliambiwa yuko bandani. Niliingia nikamshika sikio, nikamtoa mbele ya wenzake, nikamchapa njiani watu wakitazama. Nilisema samaki mkunje angali mbichi. Kweli alikunjika, alinyamaza, na amenyamaza karibu maisha yake yote. Kutoka Dar es Salaam hunitumia fedha za dawa na kuuliza afya yangu, na simu haimalizi dakika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nami nimeletewa.

Mjukuu huyo ni Upendo, binti yake, ana miaka kumi na mitatu na anasoma huku kwetu. Filamu anaingiziwa kwenye flashi kibandani kwa fundi wa simu, nyingine zimetafsiriwa na watu wenye maneno mengi kuliko yule wa safu ya nyuma. Ziko nyingi kiasi kwamba hakuna mzee anayeweza kuzikagua. Anapenda zile za roboti na za watu wanaoishi mwezini, nami nakaa naye. "Babu, shikamoo yako nitaiweka mwishoni, sasa hivi usiongee," huniambia. Nisipoongea husema nimelala. Nikikataa filamu namweleza kwa nini, na mara mbili tatu yeye ndiye aliyenieleza kwa nini nimekosea.

Krismasi iliyopita Elisante alipanda nyumbani kama wanavyopanda watu wote wa kwetu walio mijini. Alasiri moja alitukuta sebuleni, akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akitazama chombo kinachopita gizani kwenye runinga. Upendo akamvutia kiti. Filamu ilipoisha msichana alimuuliza baba yake kama na yeye aliwahi kuona za namna hii. Nilidhani atasema hapana. Akasema aliona moja, akiwa mdogo kama yeye. Akaanza kusimulia, mwanzoni kwa aibu, kisha kwa mikono. Ilikuwa habari ya mtoto aliyebaki peke yake kwenye chombo, watu wazima wote wamekufa, akilelewa na mashine, na humo palikuwa na mlango mmoja ambao mashine haikumruhusu kuufungua. Mtoto akakua. Siku moja mashine ikaanza kuzimika. Mtoto akauendea ule mlango, akaweka mkono kwenye kitasa.

Sikuwahi kumsikia mwanangu akizungumza kwa muda mrefu hivyo. Chai ilikuwa imepoa kikombeni mwake. Aliponyamaza, mimi, mzee mzima, nilishindwa kusubiri.

"Ikawaje?" nikamuuliza.

Alinitazama bila hasira yoyote.

"Sijui, Baba. Hapo ndipo ulipoingia."

Baba yangu, aliyekuwa hajawahi kukanyaga sinema, aliisikiliza filamu yangu mpaka mwisho wake. Ya mwanangu niliikata katikati, na sasa nyumbani kwangu kuna kila filamu duniani isipokuwa hiyo. Elisante hakumbuki jina lake. Upendo anaitafuta kwenye simu, na kila Jumamosi humpigia baba yake amsomee majina aliyoyapata. Nami husogea karibu nisikie. Simu hizo huchukua muda mrefu.