Shule Iliyodaiwa Kaburini

Watu wa Kanyenye siku hizi wana historia ya kujitungia. Waulize shule yetu ya sekondari ilianzaje: mmoja atakwambia ni kamati ya wazazi, mwingine atasema ni chama, na yupo mzee mmoja, simtaji, anayedai wazo lilikuwa lake. Uongo mtupu! Shule ile ilianzia kaburini kwa baba yangu, na aliyeianzisha ni Shaban Mahona, fundi baiskeli, akiwa amelala chali ndani ya kaburi hilo, kanzu yake nyeupe imejaa udongo. Mimi Nassibu nilikuwa nimesimama ukingoni na jembe mkononi, na nusura nimpige nalo.

Ngoja nieleze. Sisi ni Wazaramo. Baba yangu, Mzee Mfaume, alikuja Tabora na reli akabaki kwa ajili ya biashara ya nta na asali. Shaban ni Mnyamwezi wa hapa hapa, kwa hiyo sisi ni watani. Babu zao walibeba pembe vichwani mpaka pwani kwetu, wakakutana na babu zetu, wakagombana, wakazoeana, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi hawasalimiani kama watu wenye akili. Nikipita kibandani kwake namwita mpagazi. Naye hata hainui kichwa kutoka kwenye gurudumu. "Mzaramo, jana hamkukesha ngomani? Naona unatembea mchana." Na kwenye msiba mtani ana haki yake: anaweza kuzuia maziko mpaka apewe kitu, kanga au kuku au chochote atakachodai. Akishapewa mbele ya watu, hakirudi.

Sasa huyu Shaban alikuwa na jambo lake moyoni. Tabora ina shule kubwa kubwa, na kila muhula treni ilishusha pale stesheni watoto wa nchi nzima, kila mmoja na sanduku lake la bati. Alipokuwa mdogo Shaban aliyabeba masanduku hayo kichwani kuwapelekea wenyewe.

"Ukoo wetu ni wa kubeba tu," aliniambia siku moja, akisahau kabisa kunitania. "Babu alibeba pembe. Mimi nilibeba vitabu vya watu. Nilifika mpaka mlango wa bweni, Nassibu. Nikaona vitanda vimepangwa, nikasikia kengele inalia, wenzangu wakaingia darasani. Mimi nikaambiwa weka hapo, nenda."

Kengele ile haikumtoka. Mtu mzima na familia yake, lakini ikilia huko mbali asubuhi, nyundo inasimama mkononi mpaka iishe.

Uhuru ukaja, Azimio likasomwa, redio ikasema elimu ni ya wote. Binti yake Batuli akamaliza darasa la saba, mtoto ana akili kama wembe. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakatoka, lake halimo. Hakuwa peke yake. Mitaa yetu yote ilijaa watoto waliofaulu wakakosa nafasi, wanazurura sokoni, wanauza karanga, na wengine wamerudi stesheni kubeba masanduku.

"Ngoja," Shaban akamwambia Batuli. "Usiolewe, usiende popote. Ngoja. Shule nitakuletea hapa hapa."

Ebo! Fundi baiskeli alete shule! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini akazunguka mlango kwa mlango, akapata wazazi. Akampata Mwalimu Kasimiri, Mkatoliki mmoja mstaafu aliyechoka kukaa nyumbani, akakubali kufundisha. Akaenda kwa afisa elimu, akajibiwa kwa kifupi: jengo kwanza, kibali baadaye.

Jengo lilikuwepo, na hapo ndipo kwenye shida. Lilikuwa ghala la baba yangu.

Ushirika ulikuwa umeshachukua biashara ya nta na ghala lilikuwa tupu, limebaki harufu ya asali tu. Lakini baba kila asubuhi alifungua milango yote, akaweka kiti chake pale, akaketi kutazama barabara. Alikuwa anawasubiri wateja. "Watarudi," alikuwa akisema. Roho ilikuwa inaniuma kumwona, lakini ungemwambia nini?

Shaban akaja, akavua kofia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mpagazi. Umeleta nta?"

"Nimeleta watoto, Mzee. Tupe ghala wasome."

"Ghala hili," baba akasema, "nitazikwa nalo."

Akaja tena na tena. Jibu lile lile: nitazikwa nalo. Mimi nilimwonea huruma, lakini mali ni ya baba yangu na baba yu hai. Mdomo wangu ningeuweka wapi? Masika yakapita, yakaja mengine. Batuli anafua, anapika, anasoma vitabu vya kuazima kwa Mwalimu Kasimiri mpaka kurasa zinachanika. Kila jioni swali lake kwa baba yake lilikuwa moja: vipi? Naye jibu lake moja: ngoja.

Ikaja posa kutoka Igunga, kijana aitwaye Mrisho, dereva wa lori la pamba. Shaban akataka kukataa. Batuli ndiye aliyesema basi.

"Baba, watu husema subira yavuta heri. Yangu mimi imevuta umri. Niache niende."

Akaenda. Nilimwona Shaban siku ile akilitazama lori likiishia kwenye vumbi, na mara ya kwanza maishani mwangu nikamsalimia kwa jina lake.

Na miezi michache baadaye, baba yangu akafariki. Ndiyo hivyo. Mungu hapangiwi, lakini hesabu zake nyingine zinauma.

Makaburini kila kitu kilikwenda sawa mpaka tulipotaka kuteremsha maiti. Kutazama, Shaban yumo ndani! Amelala chali, mikono kifuani.

"Toka, mtani," watu wakacheka. "Utapewa kuku."

"Sili kuku. Mzee alisema atazikwa na ghala lake. Mashahidi mpo. Haya, lileteni! Nimepima hapa, hata mlango mmoja hauingii. Ama mliingize ghala humu, ama mnipe mimi, nimpishe mwenyewe."

Watu waliangua kicheko, na msiba ni msiba. Shehe akasema jamani maiti haicheleweshwi. Baba mdogo wangu akafoka kwamba ghala si kanga, utani una mipaka. Mimi nikashika jembe. Nikainama nimtukane, nikamwona uso. Mdomo ulikuwa unacheka. Macho yalikuwa yanalia, machozi yanateremka masikioni, anayafuta kwa udongo.

"Chukua," nikasema. "Chukua, toka, nimzike baba yangu."

Baba mdogo alininunia mpaka anakufa. Na anune! Neno la kaburini halirudi.

Kibali kikatoka, shule ikafunguliwa Januari. Madawati tuligonga kwa mbao za mizinga ya zamani, watoto wakalima bustani nyuma, na Shaban akawafundisha ufundi wa baiskeli siku za Ijumaa kabla ya sala. Walikuja watoto wa wachukuzi, wa wauza karanga, wa mama ntilie, Waislamu na Wakristo, wote wananuka asali. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni, na mtu mwingine kuigusa ilikuwa haramu. Ni Shaban tu.

Basi alikuwa anaipiga! Watoto wameshaingia, wameshaketi, Mwalimu Kasimiri ameshaandika tarehe ubaoni, yeye bado anagonga, uso ameuelekeza upande ule ule lilikoishia lori.

"We mpagazi, utatupasua masikio! Wote wameingia!"

"Nyamaza, Mzaramo," alikuwa akinijibu. "Igunga ni mbali."

Batuli alikuja kusalimia mara moja moja na mtoto mgongoni. Alikuwa anasimama nje ya dirisha la darasa, anatazama. Kuingia, haingii. Shaban naye hakumwambia kitu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mtu huwezi kumwambia mwanao "ngoja" mara mbili.

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, Shaban akashikwa na homa, na haikumwachia.

Sikutaka kuingia kaburini mwake. Lakini mtani asipodai, marehemu ameondoka kama asiye na mtu. Nikateremka, nikalala. Nilikuwa nimejiandalia maneno: mpagazi leo katua mzigo. Nikayaacha. Nilitazama juu, nikaona mbingu na nyuso za watu, na Mrisho, mkwewe, ameinama.

"Mtani, unataka nini?"

"Namtaka Batuli."

"Lo! Mke wa mtu!" Kicheko.

"Namtaka darasani. Aliahidiwa."

Kicheko kikafa. Mrisho akaitazama ardhi. "Kwani nani alimkataza?" akasema polepole. "Lori langu linalala Tabora zaidi kuliko Igunga. Chukua."

Nyumbani Batuli aliposikia aliniwakia. "Mmenigawa kaburini kama kuku, hata kuniuliza hamna!" Kisha akafunika uso kwa kanga, akalia mpaka nikajuta kuzaliwa. Alipomaliza akasema, "Nitakuja. Si kwa sababu mmenidai. Nitakuja kwa sababu sikuacha kungoja."

Masomo ya jioni kwa watu wazima yalikuwa yameshaanza. Siku ya kwanza alikuja mapema kuliko wote, akaketi dawati la mbele, mtoto miguuni pake anachezea chaki. Mimi ndiye niliyeirithi kengele. Nikagonga. Watu wakaingia, wakaketi. Nikagonga. Mwalimu Kasimiri akaandika tarehe. Nikaendelea kugonga mpaka Batuli akatoka mlangoni.

"Baba mdogo, inatosha. Igunga nimeshatoka. Tumeingia wote."

"Nyamaza, Mnyamwezi," nikamwambia. "Huyu ninayemwita mimi yuko mbali kuliko Igunga."

Alisimama pale karibu yangu, mkono wake juu ya kile kipande cha reli, mpaka kilipoacha kutetemeka.