Breki ya Kushoto

Fundi wa kiwanja chetu cha ndege ndogo, hapa Ihembe, ana sauti ya chini na mikono inayonuka mafuta ya breki hata Jumapili kanisani. Kabla ndege haijaruka hukandamiza pedali kwa kiganja, amefumba macho kama anayesikiliza. Juzi ndege ilipotua, breki ya kushoto haikushika. Ndege ikaacha njia, ikaingia migombani kwa Mama Kemirembe. Hakuna aliyeumia. Rubani akamnong'oneza fundi, "Nitasema nyasi zilikuwa na maji."

"Sema ni breki," fundi akajibu. "Nilisahau kutoa hewa kwenye bomba lake la mafuta, ndiyo maana haikushika."

Kisha akamwendea Mama Kemirembe, akapiga magoti kwenye migomba iliyolala. "Shikamoo."

"Marahaba. Inuka basi, mwanangu."

Hakuinuka. Aliendelea kutazama udongo, masikio yakiwaka moto.