Mkono Uliolegea Katikati ya Mahubiri

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasulu, na kanisani ndimi mpiga kinanda wa kwaya. Jumapili iliyopita nilijiaibisha mbele ya padri mgeni kutoka Kibondo.

Chanzo ni papa Faustin, kama Wakongo wanavyomwita mzee, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mpiga piano hodari anayenifundisha kupiga vifungu vya kasi. "Mukono yako iko nguvu kama mupini ya jembe," aliniambia, akimaanisha umekakamaa. "Inua polepole, kisha wacha ianguke yenyewe." Basi wiki nzima nikawa nainua mkono na kuuachia, hata kwenye foleni ya maji.

Siku hiyo nilikuwa hoi, maana Jumamosi nilishinda shambani nikivuna maharage. Mahubiri nayo hayakuwa na dalili ya kuisha. Nikafumba macho na kufanya zoezi langu gotini, nainua, naachia, mpaka usingizi ukanipitia.

Nilisahau kwamba kwaya yetu husimama nikiinua mkono. Nilipozinduka, wanakwaya wote walikuwa wima, na waumini wamewafuata. Nikajua misa imekwisha, nikaanzisha wimbo wa kutokea. Kwa uchovu ule mkono ulilegea kweli, vidole vikakimbia vyenyewe. Sijawahi kupiga vizuri namna ile. Waumini wakabeba watoto wao, wakaanza kutoka.

Nilipogeuka, nikitegemea pongezi, padri alikuwa bado kwenye mimbari, kidole kimoja juu.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "ndiyo kwanza nilikuwa namaliza utangulizi."